UZI: Kitabu cha mkono cha Ulaya ya Zama za Kati, kutoka ngozi ya ndama hadi dhahabu (kila hatua, na inapoharibikia)

Mnukuzi (mleta uzi) #1

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za elimu ya Zama za Kati humu ndani hukimbilia wanafalsafa na vyuo, kitabu chenyewe kinarukwa. Uzi huu ni wa kitabu kama kitu cha mkononi: ngozi, wino, unyoya, rangi, dhahabu. Anayeijua hatua aiandike kwa vipimo na aseme inaharibikia wapi. Naanza na ngozi.

Ngozi ya kuandikia si ngozi ya kiatu. Ya kiatu hulowekwa kwenye magome ya miti yenye tanini (kemikali chungu ya mimea inayokaza ngozi), ikabadilika moja kwa moja. Ya kuandikia haiguswi na tanini: inatolewa manyoya kwa chokaa, inawambwa, inakauka huku imevutwa. Ndugu yake wa karibu ni ngozi ya ngoma. Ule mvutano wakati wa kukauka ndio unaolaza nyuzi za ngozi upande mmoja na kuipa weupe na ukakamavu. Ikilowa baadaye bila kuwambwa, inajikunja na kuwa ngozi mbichi tena.

Hatua zenyewe: inaoshwa kwenye maji yanayotiririka siku nzima, damu itoke. Inaingia pipa la chokaa siku 3 hadi 10, zaidi majira ya baridi, ikikorogwa kwa mti mara kadhaa kwa siku. Ukiitoa mapema, manyoya yanang'ang'ania na fundi atalazimisha kisu. Ukichelewa, chokaa inaila ngozi yenyewe, inakuwa tepetepe. Halafu inatandazwa juu ya gogo la mviringo, inakwanguliwa manyoya kwa kisu butu cha kushika mikono miwili, inageuzwa, mabaki ya nyama yanatolewa. Siku 2 tena kwenye maji safi kutoa chokaa.

Kuwamba ndiko kuliko na akili zaidi. Hawapigi misumari, maana ngozi ikisinyaa tundu la msumari litachanika. Wanachukua kijiwe laini, wanakifunga ndani ya ukingo wa ngozi kikawa kama kifundo, kamba inakaza shingo ya kifundo na kwenda kwenye kigingi cha fremu. Ngozi ikilegea, kigingi kinazungushwa. Kisha inamwagiwa maji ya moto na kukwanguliwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga. Umbo hilo si urembo: kisu kilichonyooka kina pembe, na pembe ikigusa ngozi iliyowambwa inaichana.

Hapo ndipo matundu yanapozaliwa. Mkwaruzo mdogo kabisa ukipita upande wa pili, ngozi inavuta kila upande na mkwaruzo unafunguka kuwa duara au umbo la yai. Fundi akiuwahi anaushona kwa uzi. Akichelewa, mwandishi ataandika kuzunguka tundu. Ukiona kwenye picha sentensi inaruka tundu bila kupoteza herufi, ujue tundu lilikuwepo kabla ya wino. Tundu linalokata herufi katikati ni la funza au la ajali ya baadaye.

Tandabui #2

Mkuu nimekufuata. Swali: ni kweli Kitabu cha Kells (Injili za Ireland zilizopambwa) pale Dublin kilikula ndama 185? Na kwa nini ndama, mbuzi na kondoo wana kasoro gani?

Fundi_Jalada #3

Hiyo 185 ni makadirio ya watu waliogawanya ukubwa wa majani kwa ukubwa wa ngozi, ichukuliwe hivyo. Yaliyobaki ni majani 340 (jani moja ni kurasa mbili), na mengine yalipotea.

Hesabu iliyo wazi zaidi ni ya Codex Amiatinus, Biblia nzima ya Kilatini iliyotengenezwa monasteri ya Wearmouth-Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, alikoishi mtawa na mwanahistoria Beda. Ina majani 1,030, ukurasa una urefu wa karibu sentimita 50, na kwa ukubwa huo ngozi moja inatoa jozi moja tu ya majani. Kwa hiyo ni ngozi 515 hivi. Uzito wake unazidi kilo 30. Na abati (mkuu wa monasteri) Ceolfrith aliagiza Biblia tatu za namna hiyo! Mwaka 716 aliondoka na hii kuipeleka Roma, akafia njiani Langres, Ufaransa.

Lakini tusizidishe huruma kwa ndama. Nyama ililiwa, ngozi ilikuwa zao la pili. Na kitabu kidogo hakina gharama hiyo, kwa sababu ngozi moja ukiikunja mara mbili au tatu unapata majani 4 au 8.

Kuhusu kondoo: ngozi yake ina tabaka la mafuta katikati, ukiikwangua kwa nguvu tabaka zinaachana. Kwa kitabu ni hasara, kwa hati ni faida. Hazina ya wafalme wa Uingereza karne ya 12 ilitaka ngozi ya kondoo makusudi, kwa kuwa mtu akifuta tarakimu, jeraha linaonekana. Mbuzi ilitumika sana Italia, na Ethiopia ndiyo ngozi ya vitabu hadi leo.

Kidau #4

Niwape wino, maana hapa watu wengi huchanganya vitu viwili.

Wino mkuu wa Ulaya ulitoka kwenye vivimbe vya mwaloni. Nyigu mdogo hutaga yai kwenye chipukizi, mti unajikinga kwa kuota kivimbe kama gololi kilichojaa tanini. Vya Aleppo vilisifiwa kwa ukali. Kinachofaa zaidi ni kile ambacho nyigu hajatoboa kutoka.

Kiungo cha pili ni salfeti ya chuma, ya kijani. SI MRUTUTU. Mrututu mnaoujua ni salfeti ya shaba, ya bluu, na hautoi weusi huu. Cha tatu ni utomvu wa mgunga, ile gundi ya Kiarabu iliyofika Ulaya kupitia bandari za Waarabu. Cha nne maji ya mvua, au mvinyo mweupe.

Kanuni zilitofautiana mno, ila uwiano mmoja unaorudi mara kwa mara ni 3:2:1 kwa maji 30. Yaani gramu 60 za vivimbe, 40 za salfeti, 20 za gundi, mililita 600 za maji. Vivimbe vinapondwa (visisagwe unga, vitasumbua kuchuja) na kulowekwa siku kadhaa au kuchemshwa polepole. Chuja. Tia salfeti, ukoroge. Gundi mwisho: inashikilia chembe nyeusi zisizame na inaupa wino uzito usitambae kwenye ngozi.

Wino mpya ukiandikia unatoka kijivu hafifu, usidhani umekosea. Chuma kinahitaji hewa ya nje kigeuke, na weusi unakuja baada ya saa kadhaa hadi siku. Mwandishi anajikuta anaandika kwa rangi asiyoiona sawasawa, ndiyo maana baadhi ya kanuni ziliongeza masizi kidogo.

Inaharibikia wapi? Salfeti ikizidi tanini. Mchanganyiko huu hutoa asidi, na chuma kilichobaki bila mwenzi kinaendelea kuunguza kwa karne nyingi. Kwenye karatasi herufi hudondoka, ukabaki na ukurasa wenye madirisha ya umbo la maneno. Ngozi inahimili zaidi kwa sababu ya chokaa na chaki iliyobaki ndani yake.

Tandabui #5

@Kidau kabla ya mwaloni walitumia nini? Niliona mahali wanataja miiba.

Kidau #6

Miiba ipo, na mwelekezo mzuri ni wa Theophilus, mtawa aliyeandika kitabu cha ufundi karne ya 12. Matawi ya mti wa miiba yanakatwa Aprili au Mei kabla hayajachipua, yanaachwa wiki kadhaa, gome linapondwa ling'oke. Gome linakaa kwenye maji siku 8, maji yanachemshwa, gome jipya linaongezwa, yanachemshwa tena hadi yawe mazito, mvinyo kidogo unatiwa, yanaanikwa juani. Unapata wino wa kahawia, mtulivu, usiouma ngozi.

Maharazi #7

Wakuu mmeruka mistari. Kabla ya wino kuna mistari, na kwa mtu anayetaka kujua umri wa kitabu hapa ndipo pa kuanzia.

Majani yanapangwa kwenye mikunjo. Wa kawaida ni jozi 4 zilizoingizwa moja ndani ya nyingine: majani 8, kurasa 16. Upande wa manyoya ni wa manjano kidogo na una vidoa vya vinyweleo. Upande wa nyama ni mweupe, laini. Vinapangwa manyoya yatazame manyoya, nyama itazame nyama, ili ukifungua kitabu kurasa mbili zifanane. Ukikuta manyoya yanatazama nyama katikati ya mkunjo, kuna jani limetolewa au limeongezwa. Hicho ni kipimo cha kwanza cha mtu anayetafuta kurasa zilizoibwa. (Waairishi, yaani watu wa Ireland, wa mwanzo hawakuifuata sana kanuni hii, kwa hiyo kwao usikimbilie kusema wizi.)

Mkunjo unatobolewa pembeni kwa maharazi, jani juu ya jani, na mstari unavutwa kutoka tundu hadi tundu. Hadi karne ya 11 walikwaruza kwa ncha butu isiyo na rangi: mfereji upande mmoja, tuta upande wa pili, kwa hiyo unapiga mstari mara moja ukapata kurasa mbili. Karne ya 12 ikaenea ncha ya madini ya risasi, alama ya kijivu kama ya penseli, na huo kila ukurasa unapigwa wake. Baadaye wino.

Kipimo kingine: hadi mwanzo wa karne ya 13 mwandishi alianzia JUU ya mstari wa kwanza. Kuanzia miaka ya 1230 hivi wanaanzia CHINI yake, mstari wa juu unabaki kama dari. N. R. Ker, mtaalamu wa maandishi ya kale, ndiye aliyelionyesha hilo kwa vitabu vya Uingereza. Kitu kidogo hivyo, na kinakupa nusu karne.

Mnukuzi #8

Asante Maharazi, hiyo ya dari ni dhahabu.

Niongeze unyoya. Ni wa bata bukini, manyoya matano ya nje ya bawa. Wa bawa la kushoto unajipinda nje ya macho ya anayeandika kwa mkono wa kulia. Vinyoya vya pembeni vinanyofolewa, kwa hiyo zile picha za filamu za unyoya unaopepea ni mapambo. Shina linalowekwa, linachomekwa kwenye mchanga wa moto ligande, linakatwa kwa mteremko, linapasuliwa ncha. Mkono wa kushoto haukai bure: umeshika kisu. Kisu kinachonga unyoya, kinagandamiza ngozi isicheze, na kinakwangua kosa kabla halijazama.

Kosa lisilokwanguliwa liliwekewa vidoti chini ya herufi. Maana yake: usisome hii. Nadhifu kuliko kukata kwa mstari.

Bint_Pate #9

Naomba niseme kuhusu maandishi yenyewe, maana kosa lina aina zake.

Chukua neno la Kilatini *minimum*. Kwa maandishi ya Kigothi ya karne ya 13 na 14 ni vijiti 15 vilivyosimama sawasawa: m 3, i 1, n 2, i 1, m 3, u 2, m 3. Hakuna nukta juu ya i. Msomaji anahesabu vijiti na kubahatisha. Kile kialama juu ya i kilianza kama msaada wa kuitenga na majirani zake, kikaja kuwa nukta.

Ongeza vifupisho. Kimstari juu ya irabu ni m au n iliyoachwa. Herufi p yenye mstari unaokata mkia ni *per*, yenye kitanzi kutoka tumboni ni *pro*, yenye mstari juu ni *prae*. Mnukuzi mchovu akikosea mkia mmoja, "kwa ajili ya" inakuwa "kwa njia ya", na mwanateolojia atabishana miaka mia juu ya mkia.

Kosa la kawaida kuliko yote ni jicho kuruka. Mistari miwili inaishia na neno lilelile. Mnukuzi anaangalia kitabu cha asili, anaandika hadi neno hilo, anarudisha jicho, linatua kwenye neno la pili. Maneno yote katikati yametoweka, na sentensi mara nyingi bado inasomeka. Ndiyo hatari yake.

Cha kufurahisha: herufi ndogo unazozisoma sasa hivi kwenye simu zinatokana na maandishi ya Wakarolinjia (enzi ya mfalme Karolo Mkuu), mwishoni mwa karne ya 8, yaliyosafishwa kwenye monasteri kama Corbie na Tours. Wasomi wa Italia karne ya 15 waliyakuta kwenye vitabu vya zamani, wakadhani ni ya Warumi wenyewe, wakayaiga. Wachapaji wakayachukua kwao.

Kidau #10

@Bint_Pate na misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, je, ilikuwa ngozi pia?

Bint_Pate #11

Hapana kaka, karatasi. Tusitoke nje ya uzi.

Mhariri_Mkaidi #12

Mmetaja monasteri tu. Kuanzia karne ya 13 kitabu cha elimu kinahamia mjini, na hapo kuna mfumo unaostahili bandiko lake: pecia, yaani kipande.

Paris, Bologna, Oxford. Muuza vitabu aliyekula kiapo mbele ya chuo anaweka nakala mama iliyokaguliwa. Haijajaladiwa. Imegawanywa vipande, kwa kawaida majani 4 kila kimoja, vyenye namba. Mwanafunzi au mnukuzi anakodi kipande, ananakili, anarudisha, anachukua kinachofuata. Bei ya kukodi inapangwa na chuo. Orodha za Paris za karibu 1275 na za 1304 zipo hadi leo.

Faida iko kwenye hesabu. Kitabu cha vipande 50 kikikodiwa kizima, mnukuzi mmoja anakikalia miezi. Kikikodiwa vipande, watu 50 wanaweza kunakili kwa pamoja. Kazi za mwanateolojia Thomas Aquinas zilisambaa kwa njia hii.

Sasa kasoro. Umemaliza kipande cha 12, unataka cha 13, kiko kwa mtu. Chukua cha 14, acha nafasi. Nafasi unaikadiria. Ukikadiria ndogo, maandishi ya cha 13 yanabanwa, herufi zinapungua, yanamwagikia pambizoni. Ukikadiria kubwa, unayapanua, na bado unabaki na sehemu tupu, ukalazimika kuandika kwamba hapa hakuna kilichopungua. Angalieni pambizo za vitabu hivi: kuna namba ndogo za vipande, *p* na tarakimu. Nyingi zilikatwa na mjaladi.

Kasoro kubwa zaidi haionekani kwa macho. Vipande vilichakaa, vikabadilishwa kimoja kimoja. Kwa hiyo nakala yako inaweza kuwa na kipande cha 1 hadi 8 kutoka nakala mama ya zamani, cha 9 kipya chenye makosa mapya, cha 10 cha zamani tena. Mhariri wa leo anayechora ukoo wa nakala akidhani kitabu kizima kina baba mmoja amepotea. Ukoo unabadilika kipande kwa kipande.

Nili_na_Zebaki #13

Zamu ya rangi.

Nyekundu ya vichwa vya habari mara nyingi ni oksidi ya risasi, *minium*. Kupaka *minium* kuliitwa *miniare*, ndipo lilipotoka neno miniatura. Halina uhusiano na udogo. Nyekundu ya gharama ni zebaki na kiberiti (salfa) vilivyopikwa pamoja: kwanza unapata donge jeusi, likisagwa ndipo linawaka. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika karibu 1400, anasema hata ukiisaga kila siku miaka 20 itazidi kuwa bora.

Kijani ni kutu ya shaba iliyofungiwa juu ya siki. Nzuri ikiwa mpya, halafu inatafuna ngozi, ndiyo maana kuna fremu za kijani zilizodondoka zikaacha picha ikining'inia. Manjano ya zarniki, ambayo ni aseniki na kiberiti, haikai jirani na kijani hicho wala na nyeupe ya risasi: vinageuka vyeusi. Rangi zote zinashikwa na ute mweupe wa yai uliopigwa hadi povu na kuachwa usiku kucha. Majimaji yanayotuama chini ndiyo gundi.

Bluu ya lapis lazuli ilitoka Badakhshan, Afghanistan, mahali pamoja tu. Injili za Lindisfarne, kitabu cha kaskazini mwa Uingereza cha karibu mwaka 700, tayari zina bluu hiyo.

Fundi_Jalada #14

Hapo kwenye Lindisfarne nakupinga, mkuu. Ndivyo vitabu vya zamani vinavyosema, lakini uchunguzi wa leza uliochapishwa 2004 ulikuta bluu ile ni nili, ya mmea. Lapis haikuonekana.

Nili_na_Zebaki #15

Nimekubali, nimesahihishwa. Nili ya Ulaya ya kaskazini ilitoka kwenye mmea wa *woad*, kemikali ileile kama nili ya India.

Basi nieleze kwa nini lapis halisi ilikuwa ghali hata baada ya kusafiri. Ukiisaga tu unapata kijivu, kwa sababu jiwe lina chokaa na chembe nyingine zisizo bluu. Cennini: kwa ratili moja ya unga wa lapis chukua wakia 6 za utomvu wa msonobari, wakia 3 za mastiki (utomvu mwingine wa mti), wakia 3 za nta mpya. Yeyusha, changanya, upate donge kama la unga wa chapati. Likae angalau siku 3 ukilikanda kila siku. Kisha likande kwa vijiti viwili ndani ya maji ya majivu ya uvuguvugu: nta inashikilia uchafu, bluu inatoka kwenye maji. Maji ya kwanza yana bluu bora, ya pili hafifu, ya mwisho ni kama majivu. Bei zake tofauti.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari ya mtawa wa kike wa Dalheim, Ujerumani, aliyefariki kati ya karne ya 10 na 12: chembe za lapis zimeganda kwenye ukoga wa meno yake. Maelezo yaliyopewa uzito ni kwamba alikuwa akilamba brashi kuichongoa ncha.

Bint_Pate #16

Hiyo ya meno imenigusa. Na dhahabu inaingia kabla au baada ya rangi?

Nili_na_Zebaki #17

KABLA. Utando wa dhahabu unanata popote penye unyevu au gundi, ukianza na rangi utanata hadi kwenye nyuso za malaika. Pia inasuguliwa kwa jino la mbwa au jiwe, na msuguo huo ungefuta rangi jirani.

Chini yake kuna tuta: jasi iliyoiva, nyeupe ya risasi kidogo, gundi ya samaki, sukari au asali, na udongo mwekundu wa Armenia ili mchoraji aone alipopaka. Tabaka 3 au 4, kila moja ikauke. Kisha unapuliza pumzi kwa mrija: sukari inavuta unyevu, tuta linanata kwa sekunde chache, unalaza dhahabu, unasugua. Sukari ikizidi, tuta halikauki na dhahabu inafifia. Ikipungua, haishiki. Gundi ikizidi, linapasuka siku ukurasa ukikunjwa. Cennini analalamika kwamba wafuaji wanatoa tando 145 kwa dukati moja (sarafu ya dhahabu). Yeye anataka zisizidi 100, maana nyembamba sana inaonyesha udongo.

Tandabui #18

Swali la mwisho toka kwangu: kitabu kikichoka kilitupwa?

Mhariri_Mkaidi #19

Ngozi haitupwi. Iliwekwa ndani ya majalada, au ilioshwa na kuandikwa upya. Kazi ya Cicero kuhusu dola ilijulikana kwa vipande tu hadi 1819, Angelo Mai, msimamizi wa maktaba ya Vatikani, alipoikuta humo chini ya maandishi ya Augustino: mnukuzi wa karne ya 7 alikuwa ameifuta na kuandika juu yake. Mai aliipaka maji ya vivimbe vya mwaloni, tanini ikakutana na mabaki ya chuma, maandishi yakafufuka. Tatizo ni kwamba dawa hiyo iliendelea kuiva, kurasa zikazidi kuwa nyeusi. Leo wanatumia mwanga wa urujuanimno, hakuna kinachopakwa.

Fundi_Jalada #20

Kuna kufuta kwa aina nyingine pia. Ile Codex Amiatinus ya bandiko #3, kwenye ukurasa wa kuitoa zawadi, ilikwanguliwa jina: *Ceolfridus Anglorum* ikawa *Petrus Langobardorum*. Kwa karne nyingi ikahesabiwa ni ya Italia, hadi karne ya 19. Kilichowashtua wasomi ni herufi zilizokaa juu ya ngozi iliyokwaruzwa, na mizani ya shairi isiyokaa sawa.

Tandabui #21

Kwenye picha za mtandaoni nitaijuaje ngozi iliyokwanguliwa?

Fundi_Jalada #22

Kuza picha. Ngozi iliyokwanguliwa inapoteza mng'ao, nyuzi zinasimama kama pamba, na wino mpya unatambaa kingo zake badala ya kukata safi. Kama maktaba imeweka picha ya mwanga wa ubavuni (taa inayomulika ukurasa kutoka pembeni), fungua hiyo kwanza.